Kiraka wa Taifa: Kuisoma Miaka Kumi na Mitano ya Thomas Odoyo

Thomas Odoyo hana siku yake. Hilo ndilo tatizo la kwanza la yeyote anayetaka kuandika juu yake. Maurice Odumbe ana Pune, Februari 29, 1996, tarehe ambayo ni kama ilichomekwa kwenye kalenda ili Kenya ipate pa kuwachapia West Indies. Collins Obuya ana Nairobi, Februari 24, 2003: wiketi tano kwa mikimbio 24, Sri Lanka wakirudi kibandani mmoja mmoja wakitikisa vichwa. Asif Karim ana Durban, Machi 15 mwaka huohuo, mzee wa miaka 39 aliyetolewa kwenye kustaafu, akiwatoa Waaustralia watatu kwa mikimbio saba tu. Steve Tikolo ana siku nyingi hadi mashabiki wanazigombania. Odoyo? Odoyo ana mechi 136 za siku moja, mikimbio 2,420 na wiketi 145. Ana hesabu. Picha ndiyo hana.

Na sisi Wakenya ni watu wa picha. Hadithi yetu ya kriketi tunaisimulia kama miujiza miwili na mazishi moja: 1996, 2003, halafu kila kitu kikafa. Ni hadithi tamu, inakaa vizuri kwenye thredi ya mtandaoni, na kila baada ya miaka minne, Kombe la Dunia likija, mtu ataiposti tena na wengine mia watajibu "aki tulikuwa na timu." Shida yake ni kwamba haielezi chochote. Muujiza hauna sababu. Ukitaka sababu inabidi umtafute yule aliyekuwa uwanjani katika siku ambazo hazikuwa za muujiza, na huyo, mechi baada ya mechi, kuanzia Februari 1996 hadi 2011, ni Odoyo.

Kwa Kiswahili cha soka tunalo neno zuri: kiraka. Ni yule mchezaji ambaye kocha akikosa beki anamweka beki, akikosa kiungo anamsogeza mbele, na hata kipa akipewa kadi nyekundu, jicho la kocha linamwangukia yeye. Neno lenyewe lina makali mawili. Bila kiraka nguo haivaliki, lakini sijawahi kusikia mtu akisifu shati kwa viraka vyake.

Kriketi imempa mtu huyu cheo rasmi: mchezaji wa pande zote, anayerusha na kupiga. Kwa wale wa "mimi hiyo game siielewi", chukueni haya machache yatawatosha. Timu mbili, watu kumi na mmoja kila upande. Upande mmoja unapiga, mwingine unarusha na kudaka. Ova moja ni mipira sita, na kwenye mechi ya siku moja kila timu inapewa ova 50, yaani mipira 300, basi, hakuna nyongeza. Mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova kumi. Piga hesabu sasa. Unahitaji angalau watu watano wa kurusha. Ukiweka watano wasiojua kupiga, umebaki na wapigaji sita, akiwemo yule anayekaa nyuma ya vijiti na glavu, na hao wakitoka mapema umekwisha. Ndiyo maana katika mchezo huu wa ova zilizohesabiwa, mtu mmoja anayefanya kazi mbili kwa kiwango kinachoeleweka ni sawa na kuingia uwanjani mkiwa kumi na wawili.

Odoyo alikuwa huyo wa kumi na mbili. Na hakuwa wa kujihami. Hapa ndipo wengi wanaomkumbuka kama "yule mtu wa kutegemewa" wanamdhulumu. Alirusha na mpira mpya, ule unaopinda hewani, wakati wapigaji wa kwanza wa timu pinzani wana macho mabichi na nguvu zote. Kazi ya hapo ni kushambulia, si kubana. Baadaye, upande wake ulipokuja kupiga, mara nyingi aliingia wa saba au wa nane, ova zikiyoyoma, watano au sita washatoka, ubao ukidai mikimbio ambayo haipatikani kwa adabu. Mtu wa namba saba hana muda wa kuzoea uwanja. Anaingia akipiga, na akikosea anaitwa mzembe. Wastani wake wa kupiga, mikimbio 23 na kidogo kwa kila mara aliyotolewa, usomwe ukijua aliupata akifanya kazi ya zimamoto.

Wanahabari wa nje walimpachika jina mapema: Botham mweusi, wakimaanisha Ian Botham, yule Mwingereza aliyekuwa akirusha na kupiga kama aliyekuja kubomoa nyumba. Nadhani walidhani wanamsifu. Lakini jina la namna hiyo linakusoma kama nakala kabla hujaandika sentensi yako ya kwanza, na nakala daima hupimwa kwa umbali wake kutoka kwa asili. Kijana alikuwa na miaka 17 alipocheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa, Cuttack, Februari 18, 1996, dhidi ya India. Siku hiyo Sachin Tendulkar alifunga 127 bila kutolewa, na India wakashinda kwa raha zao. Kijana wa shule akamrushia Tendulkar akiwa kwenye moto. Siku kumi na moja baadaye timu hiyohiyo iliwatoa West Indies kwa 93.

Mechi ile ya Pune sitaisimulia tena, imesimuliwa hadi imechakaa: Kenya 166 wote nje, Tariq Iqbal akibabaika na mpira uliomgusa gongo Brian Lara hadi akaudaka, Odumbe akiondoka na wiketi tatu kwa mikimbio 15. Ninachotaka ukitazame ni miezi saba mbele, kwa sababu hapo ndipo historia ilitupa mfano wa bure tukaukanyaga.

Oktoba 1996, Nairobi, chama cha kriketi cha Kenya kilikuwa kikiadhimisha miaka mia. Wageni walikuwa Pakistan, Sri Lanka na Afrika Kusini. Pakistan walikuja na kijana aliyeandikishwa kuwa na miaka 16, aliyeitwa kama mrushaji. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Kenya. Ya pili, Oktoba 4 dhidi ya Sri Lanka pale Gymkhana, akaambiwa apande juu apige. Akafikisha mikimbio mia kwa mipira 37. Rekodi hiyo ilikaa miaka 17, hadi Siku ya Mwaka Mpya 2014. Jina lake Shahid Afridi, na kama kuna mtu mmoja aliyechora sura ya mshambuliaji wa pande zote katika kriketi ya ova chache, ni yeye. Na alianza kuichora Ngara, karibu na Barabara ya Forest, kwenye uwanja ambao Odoyo aliujua kama kiganja cha mkono wake.

Kwa hiyo una vijana wawili, mji mmoja, mwaka mmoja, kazi ileile. Afridi akaenda kucheza mechi 398 za siku moja, mikimbio 8,064, wiketi 395. Odoyo, 136. Mtu akiziweka takwimu hizo kando kwa kando anasema "acha bana, hawalingani." Haya, zigawe. Afridi: wiketi 395 kwa mechi 398, hajafika wiketi moja kwa mechi. Odoyo: 145 kwa 136, amepita moja. Upande wa kupiga, Afridi anaongoza, mikimbio 20 kwa mechi dhidi ya karibu 18 za Odoyo, na Afridi kwa miaka mingi alikuwa akianza wa kwanza au wa pili, na ova zote 50 mbele yake. Tofauti kubwa kati yao haiko kwenye kipaji. Iko kwenye kalenda. Pakistan ilimpa mtu wake zaidi ya mechi ishirini kwa mwaka. Odoyo alipata kama tisa.

Sitaki kudanganya na hesabu, maana takwimu za kugawanya ni kama uji, unaweza kuzikoroga hadi zikae unavyotaka. Sehemu ya wiketi za Odoyo zilitoka kwa Kanada, Bermuda, Uskoti na wengine wa daraja letu, hasa baada ya 2006 Kenya ilipokuwa ikicheza zaidi na walio sawa nayo. Afridi alikuwa akila sahani moja na Australia. Hilo ni kweli na linapunguza. Lakini usisahau upande wa pili wa kweli hiyo: mchezaji hukua kwa kupigwa na walio bora kuliko yeye, mara kwa mara, hadi ajue dawa. Odoyo hakunyimwa sifa tu, alinyimwa pia vile vipigo vya kumkomaza. Alikuwa akikutana na wakubwa kila baada ya miezi, kama mtu anayejifunza kuendesha gari kwa kulikodi Krismasi hadi Krismasi.

Na bado akawa mrushaji wa kwanza kutoka nchi isiyo na hadhi ya kucheza mechi za majaribio, zile za siku tano, kufikisha wiketi mia katika kriketi ya siku moja. Wa kwanza duniani. Ukimuuliza Mkenya wa kawaida nani ana rekodi hiyo atakutajia Tikolo, na Tikolo ni mkubwa, sibishi, mikimbio zaidi ya 3,400 haiji kwa bahati. Ila rekodi hii si yake.

Nimekaa Ogwedhi tangu mvua zianze, na nilijaribu jambo hili kwa watu. Ogwedhi ni soko la Migori, upande unaotazamana na Umaasaini. Trekta za miwa, bodaboda, mahindi, na soka. Soka kabisa. Huku ndiko mashabiki wa Sony Sugar ya Awendo waliwahi kupanga siku zao kwa ratiba ya ligi. Nikauliza kwenye kibanda cha chai: Thomas Odoyo mnamjua? Jibu la kwanza lilikuwa, "Odoyo gani, wa posho mill?" Wa pili, kijana wa boda, akafikiri kidogo halafu akaniambia, "Omera, hiyo kriketi ni mchezo ya Wahindi." Wa tatu hakunijibu, alikuwa amezama kwenye simu, anapanga mkeka. Nikachungulia. Alikuwa ameweka mechi ya kriketi ya ligi ya India, timu ishinde, pesa kidogo tu. Sheria za mchezo hazijui. Anajua odi.

Nililipenda jibu la boda kwa sababu lina historia ndani yake, ingawa limegeuzwa. Ni kweli kriketi iliingia Kenya na wakoloni na ikalelewa na Wahindi na klabu zao. Lakini ile timu iliyotufikisha nusu fainali ilijaa majina ambayo ukiyaita kwa sauti katika soko la Ogwedhi, watu kumi watageuka: Odoyo, Odumbe, Otieno, Ongondo, Obuya, Suji. Walikuwa watoto wa Nairobi, wengi wao waliokulia karibu na viwanja hivyo vya klabu, na mchezo ukaingia kwenye familia: ndugu wa Tikolo, ndugu wa Odumbe, ndugu wa Suji, watatu wa akina Obuya. Jina lilisafiri kutoka ziwani hadi Nairobi, likapata gongo. Gongo halikusafiri kurudi. Hakuna aliyelileta Migori, wala Homa Bay, na uwanja mmoja wa maana nje ya Nairobi na Mombasa ungetosha kubadilisha jibu la yule kijana.

Kuhusu jina lenyewe kuna kitu kidogo ambacho wasomaji wa Nairobi huenda hawakijui. Kwa Dholuo, Odoyo ni mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa kupalilia. Si wakati wa kupanda, ambapo kila mtu ana matumaini, wala wa kuvuna, ambapo kuna sherehe. Ni ule wakati wa katikati, mgongo umepinda, jua liko kichwani, na usipofanya kazi hiyo hakuna atakayegundua hadi mwezi wa nane. Sijui mtu angeweza kubuni jina linalomfaa zaidi mrushaji aliyetwaa wiketi 145 bila hata mara moja kufikisha tano katika mechi moja.

Rudia sentensi hiyo. Wiketi 145, na hakuna mechi ya tano. Bora yake ni nne kwa 25. Mrushaji wa muujiza, kama Obuya siku ile, anakupa tano leo na kesho hayupo. Odoyo alikupa moja, mbili, sifuri, mbili, moja, nne, moja. Kama ungekuwa unaandika riwaya ungemwondoa, hana kilele. Mhariri angekuambia, "Huyu anafanya nini hapa?"

Angalia alivyocheza Kombe la Dunia la 2003, lile lililotufikisha nusu fainali. Tunakumbuka Sri Lanka. Tunakumbuka pia, kwa aibu kidogo, kwamba New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama na sisi tukapewa pointi. Tunayoisahau ni mechi ya Cape Town dhidi ya Kanada, Februari 15, ambayo Kenya ilipaswa kushinda na kwa hiyo ingeweza kuipoteza kirahisi. Mechi za kupaswa kushinda ndizo huua timu ndogo. Odoyo alitwaa nne kwa 28, Kanada wakaishia 197, Ravi Shah akatulia na 61, kazi ikaisha kwa wiketi nne na mipira michache mkononi. Kama Kenya ingeteleza pale, ile siku ya Sri Lanka ingekuwa kumbukumbu tamu ya timu iliyorudi nyumbani mapema. Na kule Bloemfontein, tulipowafunga Zimbabwe na kujihakikishia nusu fainali, waliokuwa katikati ya uwanja wakati mikimbio ya ushindi inakuja ni Odumbe na Odoyo, hakuna aliyetolewa.

Nusu fainali yenyewe, Durban, Machi 20, ilikwenda vile ilivyokwenda. India 270, Sourav Ganguly 111 bila kutolewa, sisi 179. Tikolo alipigana hadi 56. Hakuna haja ya kuipamba.

Kilichofuata ndicho kinachoniumiza kama msomaji wa kazi ya mtu huyu, maana miaka ambayo mchezaji wa pande zote huwa amekomaa, kati ya 25 na 29, kwa Odoyo iliangukia katika kipindi kibaya zaidi cha kriketi ya Kenya. Badala ya mechi zikaja kesi. Wachezaji waligoma kwa ajili ya malipo, chama cha zamani kikavunjika mikononi mwa waliokiendesha, na 2005 kikaundwa chombo kipya. Kwa timu iliyotoka nusu fainali ya dunia, mechi za kimataifa za siku moja katika miaka hiyo unaweza kuzihesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Agosti 2004, Odumbe alifungiwa miaka mitano, baada ya uchunguzi chini ya Jaji Ahmed Ebrahim wa Zimbabwe kumpata na hatia ya mahusiano yasiyofaa na mtu wa kamari. Yeye mwenyewe alikana.

Odumbe ni kesi ya kusoma kando ya Odoyo, kwa sababu naye alikuwa wa pande zote na naye alishambulia. Alikuwa na mtindo, alikuwa na mdomo, alikuwa staa. Pale Gwalior 1998, Kenya ilipowafunga India kwao, alipiga 83 kana kwamba anadai deni. Pale Southampton 1999 yeye na Alpesh Vadher waliweka mikimbio 161 dhidi ya Sri Lanka, rekodi ya dunia kwa wiketi ya sita wakati huo. Kama mwandishi wa hadithi, bila shaka ningemchagua Odumbe: kupaa, kuanguka, kurudi. Na wengi wamemchagua. Makala juu ya anguko lake ni nyingi kuliko makala juu ya wiketi zote 145 za mwenzake, na mimi naona hili ni kasoro ya uandishi wetu kuliko ya Odoyo. Tumejifunza kuandika juu ya mtu wa michezo akiwa shujaa au akiwa kashfa. Mfanyakazi hatujui tumwanzie wapi.

Nikimkumbuka yule kijana na mkeka wake, kuna kejeli hapa ambayo siwezi kuipita. Nchi ileile iliyoangalia kamari ikimmeza staa wake wa kriketi, leo vijana wake wanaujua mchezo huo kwa mlango wa kamari peke yake.

Rekodi nyingine ambayo karibu imefutika: Oktoba 1997, Nairobi, dhidi ya Zimbabwe, Odoyo na Tony Suji waliweka mikimbio 119 kwa wiketi ya saba. Hakuna jozi yoyote duniani iliyokuwa imefanya hivyo katika mechi za siku moja. Ilisimama hadi Andy Flower na Heath Streak walipoipita 2001, Wazimbabwe hao, kana kwamba walikuwa wameiweka akilini. Wiketi ya saba, tena. Namba ya watu wanaoingia baada ya nyumba kuungua.

Halafu 2007. Septemba, Johannesburg, ICC ilimtangaza Odoyo mchezaji bora wa mwaka kutoka nchi wanachama wa daraja la pili. Ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, na jina la kwanza kabisa kwenye orodha yake ni la Mkenya. Mwezi uliofuata, Nairobi, dhidi ya Kanada, akapiga 111 bila kutolewa, mia yake ya kwanza na ya pekee katika mechi za siku moja. Ilimchukua miaka kumi na moja na miezi minane. Kwa mtu anayeingia wa saba mia ni kitu cha ajabu, kwa sababu kwa kawaida mipira huisha kabla yake. Kama lazima Odoyo apewe siku, mimi ningempa hiyo, lakini tazama ilivyo: Jumuiya ndogo ya mashabiki, mpinzani asiye na jina kubwa, nchi iko kwenye kampeni za uchaguzi wa Desemba. Nani alikuwa na nafasi ya kuangalia kriketi?

Sidai kwamba hakuwa na udhaifu. Aliwahi kuitwa katika timu ya Afrika iliyocheza na Asia, akavaa jezi moja na wachezaji wa Afrika Kusini na Zimbabwe, na kwenye viwanja vya kiwango hicho kasi yake ilikuwa ya wastani. Mpira usipopinda, alipigwa. Kama mpigaji alikuwa na zile siku za kufumba macho na kuswinga. Na alikaa muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa. Kombe la Dunia la 2011 lilikuwa lake la tano, na Kenya ilipoteza mechi zote sita, ikianza kwa kutolewa na New Zealand kwa mikimbio 69 kule Chennai. Yeye na Tikolo walikuwa bado kikosini, watu wa 1996, na hilo linakuambia zaidi juu ya waliopaswa kuwa nyuma yao kuliko juu yao wenyewe. Kitu kizuri cha kombe hilo kilitoka kwa Collins Obuya, aliyeacha kurusha akawa mpigaji kamili, akafikisha 98 dhidi ya Australia na ova zikamwishia mikimbio miwili kabla ya mia.

Mwanzoni mwa 2014, baada ya mashindano ya kufuzu kule New Zealand, Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja, hadhi iliyokuwa nayo tangu 1996. Maana yake kwa kazi ya Odoyo ni ya kiufundi na ya kikatili: takwimu zake zilifungwa, na hakuna Mkenya anayeweza kuzifikia hata akitaka, kwa sababu mechi za kuzifikia hazipo. Rekodi haikuvunjwa. Ilifungiwa ndani na ufunguo ukapotea.

Alirudi kama kocha, kazi nyingine ya kufunika tundu. Februari 2018 alipeleka timu Namibia kwenye mashindano ya daraja la pili la dunia, Kenya ikamaliza mkiani na kushushwa daraja, na aliporudi akajiuzulu. Nahodha Rakep Patel alijiuzulu pia, na mwenyekiti wa chama vilevile. Kwa mara moja katika maisha ya kriketi ya Kenya watu walikubali kuwajibika kwa pamoja, na hata hapo vichwa vya habari vilihusu zaidi vurugu ya chama kuliko yule aliyekuwa akiondoka baada ya miaka 22 ya kuingia na kutoka katika timu hiyo.

Kiti chake kikapewa Maurice Odumbe.